The Wilds: msimu wa kwanza umeninyima usingizi, wa pili umenikera

Nimemaliza tamthilia ya The Wilds kwenye Prime Video, misimu yote miwili, na nasema mapema: msimu wa kwanza, ule wa Desemba 2020 wenye sehemu 10, utazame hata kama bando lako ni la kuungaunga. Wa pili ni hiari yako.

Wasichana wa Kimarekani wanapanda ndege ndogo kwenda Hawaii, eti kambi ya kujijenga. Ndege inaanguka, wanajikuta kisiwani. Hadi hapo utasema umeshaiona. Lakini tangu mwanzo tunaonyeshwa pia walionusurika wakihojiwa na wanaume wawili, mmoja mmoja, na mapema kabisa tunajua yupo mama anaitwa Gretchen anayewachungulia kwa kamera. Rachel Griffiths kamcheza hadi unamchukia. Basi huhangaiki tena kama wataokolewa. Unahangaika kujua nani kati yao anajua siri. Mimi nilimshuku kila mtu, hadi aliyekufa.

Kilichonishika zaidi ni Martha. Ni mpole, anapenda wanyama kupita kiasi, na siku inafika njaa imewabana na mbuzi yuko mbele yake. Wakati huohuo tunarudishwa mahakamani, miaka ya nyuma, alipoulizwa kuhusu mtu mzima aliyemdhuru naye akakana. Hakuna anayetueleza mambo haya mawili yanahusianaje. Unamtazama tu uso unavyobadilika, mkono unapanda, na unaelewa kwa nini akirudi na nyama wenzake wanashangilia na yeye hashangilii.

Fatin naye, mtoto wa kishua, begi limejaa nguo za bei mbaya na kazi hataki. Wanamsema, ananuna, anaondoka zake, halafu huyohuyo ndiye anayerudi na habari za maji. Dot, aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, ndiye anayejua mambo ya moto na mgao wa chakula. Bila yeye wangekwisha wiki ya kwanza. Leah, msichana mwingine, na mapenzi yake na mwandishi mtu mzima yalinichosha. Nilikuwa naruka.

Msimu wa pili (Mei 2022, sehemu 8) wakaleta kundi la wavulana kwenye kisiwa chao wenyewe. Wapya wengi, muda mdogo, na wasichana uliokwisha kuwapenda wanaonekana kwa kudonoa. Mbaya zaidi, mwaka huohuo mfululizo ukakatishwa, kwa hiyo unaachwa njia panda na hakuna wa kukujibu.

Angalizo kwa wanaotazama sebuleni: matusi ni tele, na kuna visa vya unyanyasaji wa kingono. Usiifungue wazazi wakiwa wamekaa.

Msimu wa kwanza nyota nne. Wa pili mbili, na moja kati ya hizo ni ya Dot peke yake.