Nguo za intavyu kwa wadada: ipi ununue kwanza, ipi isubiri na ipi uiache dukani

Hii nimemwandikia yule mdada ambaye ameshapigiwa simu kwamba njoo kwenye usaili, anafungua kabati anaona limejaa lakini nguo ya kuvaa siku hiyo haioni, na hela aliyonayo ni ya kupimia, akikosea imeondoka. Nimepanga kuanzia ile ambayo ningekwambia ununue kwanza mpaka ile ambayo nakuomba uirudishe kwenye henga, na kipimo changu ni kimoja tu, nguo ukishaivaa isihitaji tena mkono wako. Isivutwe, isishikiliwe, isirekebishwe kila ukigeuka. Mikono siku ile ina kazi zake.

Hili nimelijua kwa kuumia. Kuna sehemu niliitwa miaka ya nyuma, nikanunua sketi nyeusi, nikisimama mbele ya kioo imenikaa utadhani nimeshonewa. Nimeingia naambiwa karibu kaa, kumbe kile kiti ni cha chini chenye sponji inayozama, nilivyokaa tu sketi ikapanda juu ya magoti karibu kiganja kizima. Nikaweka faili la vyeti mapajani na lile faili sikuliachia mpaka mwisho. Wakaniomba niende ubaoni niwachoree jinsi ambavyo ningepanga kazi za mwezi, nikasema naomba nieleze kwa mdomo, na ile kazi nilikuwa naijua jamani, naijua vizuri kabisa, ila nusu ya akili ilikuwa kwenye magoti. Sikuipata. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Namba moja: bleza na suruali ya kitambaa, hata kama hazikuuzwa pamoja

Hela yako kubwa iende kwenye bleza, kwa sababu yenyewe ndo inabeba vyote vya chini yake, blauzi ya kawaida ikiwekwa ndani ya bleza iliyokaa vizuri inaonekana ya maana, ila blauzi ya gharama ndani ya bleza mbovu haisaidii kitu. Na ukiwa dukani usianze na rangi wala vifungo, anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Ukipitiliza bega linaning'inia kama umeazima ya kaka yako, ukipungua unaona mkono unavuta na kitambaa kinajikunja juu. Kiuno fundi anapunguza, mikono anafupisha, hizo ni kazi ndogo, lakini bega kulifumua na kulirudisha ni kazi ya fundi mzuri sana na gharama yake unaweza kukuta ungenunua koti lingine. Kwa hiyo bega likikataa, achana nayo hata kama umeipenda vipi.

Bega likikubali funga kifungo, nyoosha mikono yote mbele kama umeshika usukani, halafu jikumbatie. Mgongo ukikubana au kifungo kikavuta mpaka kitambaa kikafanya mikunjo ya umbo la X tumboni, chukua saizi ya juu yake, kiuno utapunguziwa. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono. Kisha ligeuze ndani uangalie bitana, kile kitambaa chepesi kinachoshonwa kwa ndani, maana koti lenye bitana linateleza juu ya blauzi, lisilo na bitana linang'ang'ania kwenye mikono na unabaki unavuta vuta, na hicho ndo tunachokikimbia.

Soma na ile lebo ndogo ya ndani. Poliesta asilimia 100 ni ya bei nafuu na haikunjiki ovyo, ila haipitishi hewa, na siku ya usaili mtu anatoka jasho hata asipotaka, halafu ile harufu inaganda humo humo. Mi napendekeza mchanganyiko wa poliesta na viskosi wenye laikra kidogo, yaani uzi wa kuvutika, asilimia 2 hadi 5 inatosha kabisa, inavutika ukikaa halafu inarudi. Sufu nyepesi ndo inakaa vizuri kuliko zote ila bei yake iko juu na nyingi hazitaki maji, ukiona kwenye lebo alama ya kimduara pamoja na ya beseni lililokatwa kwa X ujue ni ya kupeleka drai klina. Kitani kwa kazi hii hapana. Ni kizuri, kinapitisha hewa, lakini ukikaa kwenye gari kidogo tu unashuka kimejikunja kama karatasi iliyofinyangwa.

Bleza ikiwa mpya kuna kitu kingine, na nalisema hili kwa sababu nimelishuhudia kwa macho. Nyuma kwenye mpasuo huwa kuna uzi umepigwa umbo la X na mifuko mara nyingi imeshonwa imefungwa, ule uzi ni wa kulishikilia koti lisiharibike umbo likiwa linasafirishwa, siyo pambo, unatakiwa utolewe. Vivyo hivyo ile lebo inayoshonwa kwa nje kwenye mkono. Siku moja tumekaa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, mbele yangu kasimama mdada kapendeza kweli, X imemkaa nyuma pale. Nikamnong'oneza, akashtuka, tukaikata kwa nelikata niliyokuwa nayo kwenye pochi, uzi mmoja mmoja, kaninamia kidogo na mimi mikono inatetemeka nisije nikatoboa kitambaa. Aliitwa hata sijamaliza kuokota vinyuzi.

Suruali iwe ya kitambaa cha kushuka, mguu ulionyooka, isiwe ile ya kubana mpaka kwenye kifundo. Ukiijaribu angalia mifuko ya pembeni, ikifunguka kama masikio ujue imekubana kwenye hips, panda saizi. Pindo upimiwe ukiwa umevaa kiatu kile kile utakachoenda nacho, maana kisigino kikibadilika hata sentimita mbili tu suruali nzima inabadilika, ama inafagia chini ama inaning'inia juu. Kuna wadada bado wanaogopa suruali wakidhani siyo ya kiofisi kwa mwanamke. Ni kweli mambo haya yalichelewa, hata kwenye ukumbi wa Seneti ya Marekani wanawake walianza kukubaliwa na suruali mwaka 1993, lakini siku hizi sehemu nyingi haina shida. Ukijua kabisa kwamba unapokwenda hawapendi, au wewe mwenyewe huvai suruali, ruka uende namba mbili bila wasiwasi.

Rangi: nevi bluu kwanza, halafu kijivu cha kukolea, halafu nyeusi. Nyeusi naiweka ya tatu kwa sababu inaonyesha kila unyuzi na kila vumbi, na ukinunua bleza nyeusi sehemu moja na suruali nyeusi sehemu nyingine, ndani ya duka zinafanana ukitoka nje kwenye mwanga wa jua moja ina ukahawia nyingine ina ubluu. Kama unanunua vipande tofauti viachanishe kabisa, nevi juu na kijivu chini, watu waone umekusudia.

Namba mbili: gauni lililonyooka, na ile ile bleza

Hii kwangu inakaribiana sana na namba moja. Gauni la rangi moja, lenye mkono, linaloshuka chini ya magoti, ukishalivaa umemaliza, hakuna blauzi ya kuchomoka wala mkanda. Ukisimama liwe limepita goti kwa kiganja kizima, kwa sababu ukikaa lazima lipande. Jaribu kufunga zipu ya mgongoni mwenyewe, kama hufiki na unaishi peke yako asubuhi ile utahangaika bure.

Kwa wanaojistiri, gauni refu la rangi moja na bleza inayofunika hips inatoka vizuri mno, ila pesa kidogo itengwe kwa ajili ya hijabu yenyewe. Satini na shifoni zinateleza, utakuwa unazirudisha mbele kila ukitikisa kichwa, chukua ya pamba au ya kitambaa cha jezi, kile laini cha kuvutika kama cha tisheti, na kikofia cha ndani cha kuishika. Na kwa mjamzito usiingie gharama ya suti ya uzazi kwa siku moja, gauni linalovutika na bleza yako ya kawaida bila kufunga vifungo linakutosha.

Namba tatu: suti kamili

Najua wengi mngeiweka ya kwanza. Kama unaomba kazi benki, uwakili, ukaguzi wa hesabu au cheo cha juu, iweke ya kwanza, sibishani. Kwa mwenye hela kidogo shida ni kwamba suti nyingi zinauzwa pamoja kwa saizi moja wakati sisi wengi juu na chini hatulingani, kwa hiyo unaishia kupeleka kimoja kwa fundi siku hiyo hiyo. Tafuta wanaouza vipande mbali mbali vya kitambaa kimoja. Na ukishainunua fua vyote pamoja kila mara hata kama umevaa suruali peke yake, la sivyo kimoja kitapauka kabla ya kingine na suti ndo imekufa.

Namba nne: sketi na blauzi

Siichukii, pamoja na yaliyonikuta. Ila ndo inahitaji kuangaliwa kuliko zote. Sketi inayofunguka kidogo kuelekea chini ni salama kuliko ya kubana, mpasuo uwe nyuma na uwe mfupi, na usiilipie kabla hujakaa. Ombeni kiti jamani, kama hakuna kaa hata kwenye kile kibenchi cha kujaribia viatu, kaa mpaka chini, kunja mguu, inuka, halafu uone mkono wako umeenda wapi. Ukienda kwenye sketi moja kwa moja, rudisha.

Blauzi hapa ndo pa kubana matumizi, hata ya mtumba safi inatosha. Ingiza mkono ndani, ukiona vidole vinahesabika ni nyembamba mno. Chini ya blauzi nyeupe vaa nguo ya ndani ya rangi ya ngozi yako, ya ndani ikiwa nyeupe ndo inaonekana zaidi, wengi hawalijui hili. Kama inaachia mwanya kifuani katikati ya vifungo nunua inayotosha kifua, upunguze kiuno, au mwambie fundi aweke chuma kidogo cha kubana kwa ndani. Usaili ukiwa wa video epuka mistari myembamba iliyobanana, kwenye kamera inacheza cheza na kumchosha anayekuangalia.

Viatu

Visivyoonyesha vidole, kisigino kipana cha sentimita 3 mpaka 5, au flati ngumu iliyochongoka kidogo mbele. Kanunue jioni maana miguu inavimba kadiri siku inavyokwenda, kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukutesa mchana. Kivae ndani ya nyumba siku kadhaa, tembea kwenye sakafu ngumu usikilize, kama kinagonga kama nyundo fundi viatu atakubandikia mpira.

Za kuacha

Jampsuti. Inapendeza sana lakini ukitaka kwenda msalani dakika tano kabla hujaitwa unavua mwili mzima, koti umeliweka wapi, sakafu ina maji, hapana. Satini ya kung'aa ya rangi nyepesi, tone moja la maji au jasho linaonekana mpaka likauke. Suruali za kubana za mazoezi hata zikiwa nyeusi. Na bangili za kugongana mezani.

Ukinunua mtandaoni usiamini S wala M, kila kampuni ina yake, chukua futi ya fundi upime kifua, kiuno, hips na upana wa mabega kwa sentimita, linganisha na jedwali lao, na usome masharti ya kurudisha kabla hujalipa. Mkoba uingie karatasi ya A4 bila kukunjwa, yaani sentimita 21 kwa 29.7, vyeti vilivyokunjwa mara mbili vinakera.

Kwenye pasi fuata nukta za lebo, moja ni takriban nyuzi joto 110 za Selsiasi, mbili 150, tatu 200, na poliesta ukiipiga kwa moto wa pamba inang'aa pale pale na mng'ao ule hautoki, kwa hiyo igeuze au weka kitambaa juu yake.

Vyote hivi vinunue wiki mbili kabla kama siku zinaruhusu. Halafu usiku mmoja vaa kila kitu mpaka viatu, kaa kwenye kiti cha chini kuliko vyote pale nyumbani, mwombe mtu akuulize maswali kwa dakika ishirini na ahesabu mara ngapi mkono wako umegusa nguo. Zikizidi mbili, kesho yake asubuhi uwe kwa fundi.