Tiba kazi ya watoto, Kigoma: maoni ya fundi cherehani

Nashona sare za shule hapa Mwanga, kwa hiyo mnisamehe nikianza na vifungo. Shati la dukani lina tundu finyu, na kifungo kimekazwa hadi kimelala kwenye kitambaa. Mtoto mwenye vidole vizima anahangaika nacho. Binti yangu, ambaye mtindio wa ubongo umemwachia mkono wa kulia dhaifu, alikuwa analia kabla hajafika kifungo cha pili.

Tulimpeleka kliniki ya tiba kazi hapa Kigoma. Tiba hiyo wengi wanaiita "mazoezi" na kuichanganya na fiziotherapia. Vyumba vimepakana, ila kazi ni mbili. Wa fiziotherapia anahangaika na misuli, kukaa, kusimama, kutembea. Wa tiba kazi anauliza: asubuhi mtoto anafanya nini mwenyewe? Anakulaje? Chooni akichuchumaa anashika wapi? Sisi tuliulizwa nani anamvalisha, na wote tukamgeukia bibi yake.

Kuvaa ndiko kulikonishangaza zaidi. Mkono dhaifu unatangulia kuingia kwenye shati, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Halafu somo linaanzia mwishoni: unamfungia vifungo vyote, unamwachia kimoja tu, tena umeshakipenyeza nusu, yeye akivute kipite. Akikimudu, unamwachia viwili. Kwa hiyo kila siku anayemaliza kazi ni yeye. Hata sisi mafundi mwanafunzi tunamwanzishia kwenye pindo, hatumpi kola. Nyumbani nikamshonea shati lenye matundu mapana na vifungo vikubwa, uzi nikauacha mrefu kidogo ili kifungo kisimame. Sketi nikaitoa zipu, nikaweka lastiki.

Bibi hakupenda. "Mnamtesa mjukuu wangu na nguvu ninazo!" Yule dada mtaalamu hakubishana naye. Alimwomba aje kliniki, akamwambia, "Bibi, kabla hujamsaidia, hesabu kwanza mpaka ishirini." Sasa anahesabu, japo anakimbiza namba.

Kwenye chakula hawakutuuzia kifaa chochote. Kipini cha kijiko kimezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli kiwe kinene, sahani inawekwa juu ya kitambaa kibichi isiteleze, na kiti kimekatwa miguu ili nyayo zake zikanyage sakafu, meza ikiwa usawa wa viwiko. Ugali wa muhogo, unaong'ang'ania vidole, umekuwa zoezi lenyewe: kumega, kufinyanga, kubonyeza kwa dole gumba. Samaki, yule mgebuka, bado tunamchambulia miba. Kuna pia mchezo wa kuuvalisha soksi mkono wenye nguvu kwa muda mfupi, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Huo msiuanzishe wenyewe, mtaalamu ndiye apange muda na umri.

Kasoro zipo. Mtaalamu ni mmoja, akienda likizo mlango unafungwa. Fani hii inasomewa hospitali ya KCMC kule Moshi, upande wa pili wa nchi, kwa hiyo naelewa kwamba kumpata wa pili si rahisi, lakini mzazi aliyetoka Kasulu na mtoto mgongoni angepigiwa simu kabla hajapanda gari. Foleni ni moja na watu wazima waliovunjika miguu, mtoto anafika zamu yake ameshachoka na hashiki kitu. Na ile karatasi ya kufanyia kazi nyumbani ina maneno matupu, nusu Kiingereza. Wanaokaa na watoto ni mabibi na dada wa kazi, wachoreeni picha!

Kingine, hapa hakuna aliyetuambia mtindio utapona. Hauponi. Kinachobadilika ni yale mtoto anayoweza kuyafanya, na kwetu yamebadilika: anavaa sketi mwenyewe, anakula mwenyewe akichafua meza, vifungo vitatu vya chini ni vyake. Anayekuahidi dawa ya kuumaliza, shikilia mfuko wako.

Nawapa nyota nne kati ya tano.

Ukienda, nenda na yule anayeshinda na mtoto, hata kama ni jirani. Chukua nguo anazovaa kila siku na kijiko chake cha nyumbani. Usimshibishe kabla ya kutoka, maana huenda somo la siku hiyo likawa kula. Kama unatoka mbali, Uvinza au Buhigwe, sema mapema ili upangiwe mazoezi ya kufanya nyumbani kwa wiki kadhaa.