San Juan, Puerto Rico: uanze El Morro au San Cristóbal?
Tiketi moja inakuingiza ngome zote mbili, kwa hiyo suala ni mpangilio. El Morro, iliyoanza kujengwa 1539, ililinda mlango wa bandari. Ina ghorofa sita zinazoshuka kuelekea baharini. Kero yake ni uwanja mpana wa nyasi ulio mbele: hauna kivuli, na jua la saa sita litakumaliza kabla hujafika langoni. Nenda mara tu inapofunguliwa.

San Cristóbal ilielekezwa nchi kavu, maana mwaka 1598 Waingereza waliiteka El Morro wakitokea upande huo. Ndiyo bora zaidi mchana: mahandaki yake yana ubaridi, na kwenye ukuta wa gereza bado inaonekana michoro ya merikebu za Kihispania. Vaa viatu visivyoteleza.