Barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3: tathmini kutoka karakana ya mageti

Barakoa ninayoitathmini ni ile ya nusu uso, ya mpira laini, yenye vichujio viwili vya P3 (daraja la juu kabisa la kuchuja chembe) vinavyobadilishwa, ambayo tunaitumia karakanani tunapochomelea mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo chuma kikianza kuyeyuka, zinki imekwisha kuwa mvuke, ikaungana na oksijeni na kutoa ule moshi mweupe wa oksidi ya zinki, ambao chembe zake, nyingi zikiwa chini ya mikromita moja, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Humo hukutana na makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yao ni kumeza uchafu, na kumeza huko ndiko kunakoziponza. Asidi iliyomo ndani ya seli huyeyusha oksidi hiyo, ayoni za zinki (chembe zake zenye chaji ya umeme) hufurika, na seli, ikiwa tayari imejeruhiwa, humwaga saitokini, yaani protini za kupeana ishara za kinga kama vile TNF na IL-6, zinazoita neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) na kupandisha homa. Ndiyo homa ya jioni baada ya kazi, yenye kutetemeka, kiu na ladha ya chuma mdomoni, ambayo wengi hudhani ni malaria, ingawa kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Maziwa, tiba inayosifiwa katika kila karakana, huenda tumboni wala hayafiki mapafuni.

Kichujio cha P3 huzuia angalau asilimia 99.95 ya chembe za majaribio, na barakoa hii hukaa vizuri chini ya kofia ya kuchomelea, jambo ambalo ndilo lililonifanya niipende. Barakoa ya hospitali haifai kabisa kwa kazi hii, kwani moshi hupenya pembeni. Kasoro zipo: adhuhuri jasho hujaa kidevuni, fundi mwenye ndevu haimbani sawasawa, na vichujio hivi havizuii gesi wala mvuke wa thinner, kiyeyusho cha rangi. Kero kubwa zaidi ni kwamba muuzaji wetu ana barakoa tele lakini vichujio vya akiba hana; anayenunua adai jozi ya ziada papo hapo, ya kampuni ileile, kwa sababu vya kampuni nyingine mara nyingi haviingii.