Ubingwa wa dunia wa kayaki na mitumbwi Duisburg 2023: nyota 4 na nusu, ila ijue historia kwanza

Wadau mlioko Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji mnaopenda michezo, naomba niongelee hii kitu maana naona watu wetu wengi wanatoa hela ndefu kuingia kwenye mpira alafu hiki kinawapita hapo hapo mlangoni. Ni mashindano ya dunia ya mbio za kayaki na mitumbwi kwenye maji yaliyotulia, niliyaangalia Duisburg tarehe 23 mpaka 27 mwezi wa 8 mwaka 2023, na kwa kifupi yanafaa sana. Ila ukienda bila kujua yalikotoka utaona boti zinapita tu na watu wanashangilia usijue wanashangilia nini.

Sehemu kwanza. Inaitwa Regattabahn, iko Wedau, eneo moja na uwanja wa mpira wa MSV Duisburg. Ni maji yaliyochimbwa na binadamu, yamenyooka mwanzo mwisho, na jukwaa liko pale wanapomalizia, kwahiyo mita 200 za mwisho unaziona zote kwa macho yako. Mbio za mita 1000 wanaanzia mbali huko, hapo inabidi utegemee skrini kubwa mpaka wasogee. Duisburg ni wazoefu wa hii kazi, wameshaandaa 1979, 1987, 1995, 2007, 2013 na hii ya 2023, na inaonekana, mbio zinafuatana fasta fasta, ukienda chooni umekosa fainali mbili.

Sasa historia, maana ndo utamu wenyewe. Mashindano haya yalianza 1938 Vaxholm, Sweden, miaka miwili tu baada ya mchezo kuingia Olimpiki ya Berlin. Vita ikaja ikakata kila kitu, wakarudi 1948 London na 1950 Copenhagen, alafu ikawa ni ya kusubiri, 1954, 1958, 1963, 1966, mpaka kuanzia 1970 ndo ikawa karibu kila mwaka usio na Olimpiki. Na umbali nao umebadilika. Zamani kulikua na mita 10,000, ikafutwa baada ya 1993, mwaka uliofuata ikaingia mita 200 ambayo mwanaume wa kayaki anaimaliza kwa sekunde thelathini na kitu. Mimi hiyo 200 naiheshimu ila kwa mtazamaji ni fupi mno, hujakaa vizuri imeisha.

Herufi utakazoziona kwenye ratiba ni rahisi. K ni kayaki, mtu amekaa na kasia lake lina bapa pande zote mbili, C ni mtumbwi, mtu amepiga goti moja anapiga kasia upande mmoja tu, alafu namba ni idadi ya watu. K1 mita 500 ni mmoja kwenye kayaki, C2 ni wawili kwenye mtumbwi, basi.

Na hapo kwenye C ndo kuna jambo linaloniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Tangu 1938 wanawake walikua wanashindana kwenye kayaki tu, mtumbwi ukawa ni wa wanaume, na hali ikaendelea hivyo zaidi ya miaka 70! Mpaka 2010 Poznań, Poland, ndo mwanamke akaruhusiwa kugombea ubingwa wa dunia wa C1, na aliyechukua ile dhahabu ya kwanza ya mita 200 ni Laurence Vincent-Lapointe wa Kanada. Huyu dada akaendelea kuchukua ubingwa miaka kadhaa lakini Olimpiki ya 2012 hakuna mbio yake, 2016 hakuna mbio yake, bingwa wa dunia anakaa nyumbani anaangalia kwenye tivii. Tokyo ndo wakafunguliwa mlango, akapata medali ya fedha nyuma ya Nevin Harrison wa Marekani, na shaba kwenye C2 na Katie Vincent. Kwahiyo nilivyowaona Duisburg wanawake wamepiga magoti wamejipanga kwenye mstari, jukwaa zima linapiga kelele, nilisimama, sikuweza kukaa. Hao wangezaliwa miaka ishirini kabla wangeambiwa hakuna nafasi yenu.

Mwaka huo huo wa 2010 walemavu nao wakapata ubingwa wao rasmi, na Duisburg walishindana kwenye maji yale yale wiki ile ile, kitu nilichokipenda mno, usipange kufika mchana ukakosa mbio zao.

Kuhusu majina makubwa, wazee wa pale hawaishi kumtaja Birgit Fischer, Mjerumani aliyepata dhahabu ya Olimpiki Moscow 1980 akiwa na miaka 18 na nyingine Athens 2004 akiwa na 42, na Wahungaria watakwambia Katalin Kovács na dhahabu zake 31 za dunia. Lakini wa sasa hivi ni Lisa Carrington wa New Zealand. Alianza kuchukua ubingwa Szeged 2011, na Duisburg akaondoka na K1, K2 na K4 zote za mita 500. Ukimuona live utaelewa, wenzake wanahangaika na maji yeye mkono hauongezi haraka ila boti inawaacha tu.

Chakula: banda moja nililonunua foleni ilikua ndefu na chipsi zimepoa, beba vyako. Mwavuli na jaketi pia, upepo wa pale ukivuma kutokea mbele unaona kabisa muda wa wachezaji unavyorefuka.

Nusu nyota nimeitoa kwasababu medali ni nyingi kupita kiasi, mbio za Olimpiki zimechanganywa na zisizo za Olimpiki mpaka mgeni anashindwa kujua ipi ndo kubwa. Tafuta ratiba mapema uweke alama.

Ukiweza siku moja tu, nenda ya mwisho, kuna mita 5000. Hiyo ilirudi 2010, wanaanza wote kwa pamoja, wanazunguka maboya, wanagombea kona kama daladala zinazogombea abiria, na mjanja anakaa kwenye wimbi la mwenzake anapumzika mpaka lap ya mwisho. Fernando Pimenta wa Ureno aliwahi kuchukua hiyo na ya 1000 zote mbili, 2018, tena kwao Montemor-o-Velho. Kaa karibu na kona ya kugeuzia, sio jukwaani.