Riwaya Iliyokataa Kumponya Binti Wake

Watazamaji wangu, hamjambo. Jina la riwaya mnaliona kwenye jalada hili ninalolisogeza karibu na kamera, na kwa kuwa kisa chake kimekwisha kusimuliwa na kila chaneli ya vitabu, nitakipitia kwa mkato: pana ufalme, pana daftari la majaaliwa ambamo siku ya kufa ya kila raia imeandikwa, na pana binti mgonjwa anayependana na karani wa daftari hilo, kijana anayeijua siku ya mpenzi wake. Yatosha.

Ninachotaka mkione ni sura ya 9, hii niliyoikunja kona. Hakuna upanga unaochomolewa humu. Binti anaamka usiku, maumivu yamemshika nyonga na mgongo, na gudulia la maji liko upande wa pili wa chumba. Tazameni: ukurasa mzima, kisha wa pili, na bado hajainuka. Anapima kama afunge safari hiyo akiwa na nguvu kidogo, au amwamshe karani, ambaye atamtazama kwa ile huruma anayoichukia kuliko maumivu yenyewe. Ukurasa wa tatu, ameshusha mguu mmoja. Mimi ninayezungumza nanyi ninaishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikanywa maji. Chembe nyekundu za damu zinapojipinda mfano wa mundu huziba mishipa midogo, nayo baridi na upungufu wa maji mwilini huchochea hali hiyo. Ndiyo maana katika Julai hii ya Nairobi mnaniona nimevaa sweta mbili ndani ya nyumba, na chupa haibanduki mezani.

Ugonjwa wa binti hautajwi kwa jina, ila tunaambiwa ameurithi kwa baba na mama waliokuwa wazima wote wawili. Selimundu nayo huja hivyo: wazazi wakiwa wabebaji wote, yaani wanabeba chembe ya urithi ya ugonjwa bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Wazee wetu husema limeandikwa. Mwandishi anakubali kwamba damu imeandikwa, lakini anakataa kwamba siku imeandikwa, na uasi wa wapenzi hawa ni kuuacha ukurasa wa binti bila tarehe, huku yeye akiendelea kunywa mzizi wake mchungu kila jioni, kama mimi na kidonge changu cha haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu. Haponi! Nimechoshwa na riwaya za aina hii ambazo busu moja hufanya kazi ya kliniki nzima.

Nilikuwa nimeazimia kuipa nyota 5, lakini kadiri ninavyozungumza ndivyo sura ya harusi inavyonikera: binti anacheza ngoma hadi alfajiri, na kesho yake anapanda farasi kana kwamba mwili haudai chochote. Mwandishi wa sura ya 9 alikuwa wapi? Basi, nyota 4.

Bei ni shilingi 1,800 katika duka nililonunulia mjini, nami naiona ghali kwa karatasi nyepesi kama hii. Wauzaji wa mitumba ya vitabu kandokando ya barabara bado hawajaipata, kwa hiyo changeni wawili wawili. Video ijayo itachelewa siku mbili kwa sababu Alhamisi nina kliniki. Na wewe rafiki yangu uliyeomba kuazima nakala hii, chukua, ila kona ya sura ya 9 usiikunjue.