Muziki wa redio Nairobi: dishi au intaneti?

Redio ya setilaiti ya kubebwa tuliwahi kuwa nayo: WorldSpace, kupitia setilaiti ya AfriStar iliyorushwa 1998. Kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika 2008. SiriusXM, redio nyingine ya setilaiti, ni ya Amerika Kaskazini, basi kipokezi chake hakitashika kitu hapa, hata uuziwe bei ya kutupa. Zimebaki stesheni za muziki kwenye king'amuzi cha dishi, na za intaneti.

Dishi halili bando. Unganisha king'amuzi na amplifaya kwa waya wa RCA, nyekundu na nyeupe, kisha zima televisheni. Adui ni mvua: matone mazito hunyonya mawimbi ya Ku, yale ambayo dishi hupokea, na masika sauti hukatika ghafla badala ya kukwaruza kama FM. Ikikatika hata jua likiwaka, fungua kiungio cha kebo kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Maji yakiingia, shaba huota kutu ya kijani. Kata sehemu hiyo, funga kiungio kipya, zungushia tepu ya mpira.

Intaneti ina chaguo nyingi kupindukia, na inakufuata hadi ndani ya matatu. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa. Saa nne kila siku ni karibu GB 7 kwa mwezi. Mwenye WiFi ya mwezi nyumbani asisumbukie dishi. Kwa bando za siku, shuka hadi kilobiti 64: matumizi hupungua nusu, ingawa matoazi husikika kama mchanga.